Ubuntu imegoma baada ya apdeti: keneli ya zamani, Timeshift, flashi, au upige upya?

Saa moja na nusu asubuhi simu iliita. Alikuwa mama mwenye steshenari kule Ng'hong'hona, pale wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanapoteremkia kuprinti kazi zao, na siku hiyo hakuwa na muda wa salamu ndefu. “Mbukwa fundi. Ile mashine kubwa imekufa. Jana jioni iliomba apdeti nikaikubalia, leo haiamki.” Nyuma yake nilisikia sauti za watu wenye haraka. Kabla yangu alikuwa ameshampigia fundi mwingine, naye alimjibu bila hata kuuliza skrini imeandika nini: hiyo piga upya tu, mama.

Hiyo “piga upya” tumeirithi kwenye Windows. Miaka nenda rudi dawa ya kompyuta yoyote iliyozingua imekuwa kupiga window mpya, na mtu akihamia Linux anahama na dawa yake. Ila Linux iliyogoma baada ya apdeti ina njia nne za kurudi, na kupiga upya ndiyo ya mwisho kati ya hizo nne. Nimezipita zote, nyingine kwa makosa yangu mwenyewe. Hapa nazilinganisha kwa anayetumia Ubuntu au Linux Mint, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi Dodoma.

Kwanza, inafia wapi?

Usichague njia kabla hujajua mashine inakatia hatua gani. Iwashe, kaa mbele yake, tazama.

Ikiwa haifiki hata kwenye menyu ya GRUB, tatizo liko mlangoni, kwenye kile kinachouwasha mfumo. Ikipita GRUB halafu ikaganda kwenye skrini nyeusi au maandishi meupe, mshukiwa wa kwanza ni keneli mpya, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vya mashine. Ikionyesha nembo kisha ikawa giza, jaribu Ctrl+Alt+F3: ukipata mahali pa kuandika jina na nywila, basi mfumo mzima uko hai ila draiva ya picha ndiyo imeanguka. Hili huwapata sana wenye kadi za NVIDIA, kwa sababu draiva yake mara nyingi hujengwa upya kwa kila keneli mpya, na ujenzi huo usipokamilika keneli inaamka bila draiva. `dkms status` itakuambia. Na ikiwa inakubali nywila kisha inakurudisha palepale pa kuandika nywila, angalia kwanza kama diski imejaa, `df -h`, kabla ya kufikiria lolote kubwa.

Kuna aina nyingine ya kugoma ambayo nitairudia mbele: inawaka vizuri, unafanya kazi dakika ishirini, inazima ghafla. Hiyo mara nyingi si apdeti.

Mashine ya steshenari iliishia kwenye mstari huu: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Mtu akisoma neno panic naye anapaniki. Lakini ni sentensi inayosaidia kuliko zote, kwa sababu inasema wazi kwamba keneli imeamka lakini haijaiona diski.

| Njia | Inahitaji nini | Muda, kwa mkono uliozoea | Kinachoweza kupotea |
|---|---|---|---|
| Keneli ya zamani | Vidole tu | Dakika 5 | Hakuna |
| Timeshift | Picha ya mfumo iliyopigwa kabla | Dakika 15 hadi 40 | Mabadiliko ya mfumo, pamoja na data iliyo ndani ya /var |
| Flashi na kutengeneza | Flashi yenye Linux, subira, bando kidogo | Saa 1 au 2 | Kidogo, ila ukikosea diski ni kikubwa |
| Kupiga upya | Flashi, bando kubwa, bakapu | Nusu siku hadi siku nzima | Kila kisicho na bakapu |

Keneli ya zamani

Hii ndiyo ninayoanza nayo kila mara, hata ninapohisi haitafaa, kwa sababu haina gharama. Ubuntu haifuti keneli uliyokuwa ukiitumia jana inapoweka ya leo. Inaiacha pembeni. Tatizo ni kwamba menyu ya kuichagua imefichwa kama kompyuta ina mfumo mmoja tu. Kwenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani), ambazo ni karibu zote za miaka kumi iliyopita, gonga Esc mara tu nembo ya kampuni inapoonekana. Kwenye za zamani zaidi shikilia Shift. Ukigonga Esc kupita kiasi utaangukia kwenye skrini nyeusi yenye neno `grub>`. Usiogope, andika `normal`, bonyeza Enter, kisha Esc tena mara moja. Menyu ikitokea chagua “Advanced options for Ubuntu”, halafu keneli yenye namba ndogo, ile isiyo na maneno “recovery mode”.

Mashine ya steshenari iliwaka hivyo, kabla chai niliyoagiziwa haijapoa. Sababu niliiona baadaye kwa `df -h /boot`: aliyeiweka Ubuntu mwanzoni aliikatia /boot patisheni yake ndogo, nayo ilikuwa imejaa keneli za mwaka mzima. Keneli huhitaji kifurushi kidogo cha draiva kiitwacho initramfs ili iweze kuifungua diski. Apdeti ilileta keneli mpya, ikakosa nafasi ya kuandika kifurushi chake, na keneli ikaamka mikono mitupu. Niliondoa keneli mbili kuukuu, nikaandika `sudo dpkg --configure -a` imalizie ilichokiacha, kisha `sudo update-initramfs -u -k all` na `sudo update-grub`. Ikawaka na keneli mpya bila shida. Sasa fikiria kama tungefuata ushauri wa kupiga upya: siku nzima ya kazi, kwa tatizo la nafasi ya kuweka faili moja.

Kuna wakati keneli mpya yenyewe ndiyo mbovu, na hapo ya zamani si dawa ya dharura tu, ndiyo tiba. Desemba 2023 Debian, Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, waliahirisha toleo la 12.3 baada ya kugundua kwamba keneli 6.1.64 iliyokuwa imeshaingia ina kasoro inayoweza kuharibu data kwenye diski za ext4, umbo la kawaida la diski za Linux. Marekebisho yalitoka na toleo la 12.4 tarehe 10 Desemba. Kwa siku zile, aliyerudi kwenye keneli ya nyuma alikuwa salama kuliko aliyeendelea kujaribu bahati.

Ukishathibitisha kwamba mpya haipatani na mashine yako, izuie kwa muda: `sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic`. Kwenye Ubuntu 22.04 yenye keneli za karibuni jina huongezewa `-hwe-22.04`. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Ubuntu 22.04 ilianza na keneli 5.15, lakini wenye kompyuta za mezani na laptopu husogezwa hadi 6.8 kidogo kidogo kupitia apdeti za kawaida. Kwa laptopu ya mtumba ya miaka kumi hakuna unachofaidi katika msogeo huo. Ukitoka kwenye mstari huo wa keneli zinazosogezwa, uitwao HWE, na kubaki na `linux-generic`, utaendelea na 5.15 ambayo bado inapata marekebisho ya usalama. Mimi kwenye mashine za biashara ndiyo ninayoipendelea. Kuzuia kabisa kwa miezi, hapana. Usalama nao una bei yake.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja: inarudisha keneli peke yake. Kama apdeti ilibadili vingine, vimebaki vipya. Soma `/var/log/apt/history.log` mwishoni, utaona orodha ya kilichoingia na saa yake. Ikiwa hakuna jina lolote linaloanzia na `linux-image`, usipoteze muda kwenye menyu.

(Wa Fedora wamo kwenye neema hiyohiyo, mfumo wao hutunza keneli tatu. Wa Arch hubaki na moja, kwa hiyo waweke `linux-lts` pembeni mapema, la sivyo sehemu hii haiwahusu.)

Timeshift

Timeshift inapiga picha ya mfumo mzima, na siku ya matatizo unarudi kwenye picha hiyo. Watu wa Linux Mint wameikumbatia tangu toleo la 18.3 la mwaka 2017, na 2022 wakaichukua kabisa kuitunza. Kwenye Ubuntu unaiweka mwenyewe kwa `sudo apt install timeshift`. Picha ya kwanza ni nzito, karibu ukubwa wa mfumo wenyewe; zinazofuata huhifadhi kilichobadilika tu. Hata mashine isipowaka kabisa, unawasha kwa flashi ya Mint, unafungua Timeshift iliyomo humo, unaionyesha diski, inarudisha.

Ikilinganishwa na keneli ya zamani, hii inashika mengi zaidi: draiva za picha, pakiti zilizovurugika, mipangilio uliyoichezea usiku wa manane. Na ni rahisi kwa mtu asiyependa terminali, anabofya tu. Kwa mwanafunzi mwenye Mint kwenye laptopu yake binafsi ningesema hii ndiyo bima bora kuliko zote, mradi ikumbukwe mapema. Picha isiyopigwa haimrudishi mtu. Na usidhani flashi yako ya kawaida ya FAT32 itaipokea: inataka diski ya umbo la Linux kama ext4.

Sasa upande wake mchungu, ambao niliujua kwa aibu. Duka moja la dawa hapa mjini lilikuwa na programu ya mauzo inayohifadhi kila kitu kwenye hifadhidata ya MariaDB. Apdeti ikavuruga skrini, nikaona picha ya Timeshift ya siku tisa nyuma, nikairudisha kwa furaha. Mashine ikawaka inang'aa. Kisha dada wa kaunta akaniuliza kwa upole, “Kaka, mauzo ya wiki iliyopita yako wapi?”

Timeshift kwa kawaida haigusi /home, ndiyo maana watu hukariri kwamba “mafaili yako yako salama”. Lakini MariaDB, MySQL na PostgreSQL haziweki data kwenye /home. Zinaweka ndani ya /var/lib, na kwa Timeshift hapo ni sehemu ya mfumo. Nilirudisha mfumo siku tisa nyuma, na mauzo nayo yakarudi siku tisa nyuma. Dada yule na mwenzake walikesha wakiandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Tangu hapo, mashine yenye hifadhidata siigusi kwa Timeshift bila kwanza kuwasha kwa flashi na kunakili `/var/lib/mysql` kwenye diski ya nje. Na kwa mashine ya biashara bado nitaanza na keneli ya zamani.

Flashi na kutengeneza

Njia hii ni ya pale umeme ulipokatika katikati ya apdeti. Pakiti nusu zimefunguliwa, nusu bado, keneli ya zamani nayo inakwama kwa sababu vilivyo juu yake vimevurugika.

Kabla ya flashi, jaribu “recovery mode” kwenye menyu ileile ya GRUB. Ndani yake kuna kipengele cha dpkg cha kutengeneza pakiti zilizovunjika, kingine cha kupata nafasi, na kingine cha kukagua diski. Ikifika hapo, mara nyingi inatosha. Isipofika, washa kwa flashi ya Ubuntu au Mint, chagua kujaribu bila kuweka, fungua terminali, itambue diski yako kwa `lsblk -f`, kisha ingia ndani ya mfumo uliolala:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
dpkg --configure -a
apt --fix-broken install
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Namba za diski badilisha ziwe zako. Ukizinakili hivihivi bila kutazama, lawama si zangu. Uzuri wa njia hii kwa sisi wa mabando ni kwamba pakiti nyingi zilishapakuliwa kabla umeme haujakatika, ziko `/var/cache/apt/archives`, kwa hiyo kinachobaki kupakuliwa ni kidogo sana. Na ni njia pekee kati ya nne inayokufundisha kitu.

Lakini hapa watu wengi hukwama kwenye swali dogo: flashi yenyewe nitaitengeneza wapi, na kompyuta ndiyo hii moja imekufa? Simu ya Android inaweza. Programu ya EtchDroid huandika faili la ISO (lile la kuwekea mfumo) kwenye flashi kupitia kile kiunganishi cha OTG kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Niliwahi kuifanya chumbani Nkuhungu kwa mwanga wa kurunzi, umeme bado haujarudi, simu ina asilimia arobaini. Ilifaa, ingawa siipendekezi kama starehe.

Kupiga upya

Nitaifupisha kwa sababu kila mtu anaijua. ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, ya Mint 22 haifiki 3, na ile ndogo ya Debian haifiki hata moja lakini mengine huyavuta kwenye intaneti wakati wa kuweka. Juu ya hapo ongeza apdeti zote, printa, fonti, programu, na kumbukumbu ya mipangilio ambayo haikuandikwa popote.

Hoja yangu kubwa dhidi yake ni nyingine. Kama keneli fulani haipatani na mashine yako, ukipiga upya kisha ukaapdeti, keneli ileile inarudi. Unakuwa umelipa siku nzima kununua tatizo lako mwenyewe.

Inafaa lini? Mfumo ukiwa umeishiwa msaada, mfano Ubuntu 20.04 ambayo msaada wake wa kawaida uliisha 2025. Au mashine imejazwa pakiti za kila chanzo hadi hakuna anayeelewa. Na kama diski ndiyo inayokufa, basi piga upya, lakini kwenye diski mpya; `smartctl`, amri ya kupima afya ya diski, itakuonya.

Apdeti inaposingiziwa

Mwenye Windows na Linux kwenye mashine moja, soma hapa kwanza. Agosti 2024 apdeti ya Windows ndiyo iliyozifungia Linux nyingi nje, kwa ujumbe `Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`. Hakuna hata moja kati ya njia nne iliyohitajika. Unazima Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachouwasha mfumo) kwenye BIOS, unaingia Linux, unaandika `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, unawasha upya, kisha unairudisha Secure Boot. Niliona watu wakifomati diski kwa jambo hilo.

Halafu kuna vumbi letu. Miezi ya kiangazi, upepo unapoanza kulipeperusha kuanzia Nzuguni hadi Kikuyu, feni ya laptopu inavaa sweta. Mashine inakuwa imeishi hivyo miezi, kisha siku ya apdeti inafanya kazi nzito nusu saa mfululizo, inachemka, inazima. Mwenyewe anaapa ni apdeti. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu ya namna hiyo akiwa ameshaipiga upya mara mbili. Niliandika `journalctl -b -1 -e` kuona maneno ya mwisho ya uwashaji uliopita. Hapakuwa na kosa lolote, imekatika tu kama mtu aliyezimwa katikati ya sentensi. Keneli ikianguka yenyewe mara nyingi huacha neno, joto na umeme haviagi. `sensors` ilionyesha nyuzi 90 na ushee ikiwa imekaa bila kazi. Bisibisi, brashi ya rangi, gundi mpya ya kupoozea, kwisha.

Nani achague nini

Mwanafunzi mwenye laptopu moja: Timeshift iwekwe leo, flashi ya Mint ikae kwenye begi, na siku ya kugoma aanze na keneli ya zamani. Apdeti ya laptopu afanye betri ikiwa imejaa. Duka au steshenari: keneli ya zamani, kisha kutengeneza, Timeshift baada ya kunakili data tu, na kompyuta ya mezani isiapdetiwe bila UPS. Ofisi yenye mashine kumi zinazofanana: apdeti iingie kwenye moja, nyingine zingoje siku tatu. Anayejifunza na hana haraka aende kwenye chroot, ile njia ya flashi na kutengeneza, moja kwa moja, avunje na atengeneze.

Mama wa Ng'hong'hona alitaka aweze mwenyewe siku nisipopatikana. Nilichukua kalamu ya wino mzito na karatasi ya A4 kutoka kwenye rimu yake, nikabandika pembeni ya skrini:

WASHA. NEMBO IKITOKEA GONGA ESC MARA MOJA.
MSTARI WA PILI, ENTER.
MSTARI WA TATU, ENTER.

Nilipopita tena kuprinti kitu changu, mtu alikuwa ameongeza chini yake kwa penseli: “Ikigoma, kwanza uliza umeme upo.”